Pikapu Iliyokula Cherehani ya Mama

Puti mbichi, ile ya kuzibia mashimo ya bati la gari, ikisuguliwa kwa msasa wa maji inatoa harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine. Ni kama udongo, ni kama dawa ya mende, halafu inakaa kooni. Nina malori yangu ya kubebea mbao hapa Uyole, Mbeya, mafundi wanaingia na kutoka uani kwangu kila siku, kwa hiyo mtu atadhani nimeizoea. Sijaizoea. Wakianza kusugua tu, chai naiacha mezani, nanyanyuka, nazunguka lori, nashika hiki, nagusa kile, mpaka mafundi wanaulizana kwa macho kama bosi leo kaamka vibaya. Sijaamka vibaya. Nimeamka mtoto.

Nawaandikia nyie wenzangu mnaoshika kiuno mkiinuka. Shule niliishia darasa la tano na hainisumbui, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kunukia. Nitasema kama ilivyokuwa, na kama kuna mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Baba yangu, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuwa dereva wa lori la tumbaku, na tulikaa Mbeya. Chunya na Mbeya, Mbeya na Chunya, vumbi kichwani mpaka kwenye kope. Mama alikuwa Mhehe wa Kihesa, pale Iringa, na alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, alishona majoho ya kwaya ya Walutheri, alishona na suruali za watu waliokuwa wakimbeza kwamba mwanamke hawezi kushona suruali. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, yenye meza ya mbao na chuma chini, na ilikaa dirishani kwa sababu ya mwanga. Mimi nililala utoto wangu wote kwa mlio wa ile cherehani. Ikinyamaza nilikuwa naamka.

Mama alikwenda Iringa kwenye arusi ya mdogo wake. Wakati yuko huko, baba akarudi kutoka Chunya na pikapu mkiani mwa lori, ikivutwa kwa mnyororo. Sipendi hadithi za kuvizia, kwa hiyo nawaambia mapema: ile pikapu aliipata kwa kubadilishana. Kulikuwa na mzee mmoja mchimbaji wa dhahabu kule Chunya, watu walimwita Kifusi. Kifusi alikuwa na pikapu iliyokufa nyuma ya nyumba yake, baba alikuwa na mke mwenye cherehani. Wakapeana. Mke hakuulizwa.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilipouliza cherehani imekwenda wapi, baba aliniambia, "Imepelekwa kwa fundi." Na mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini? Vitu vinaharibika, vinakwenda kwa fundi, vinarudi.

Mama aliporudi alishuka basi na begi lake kichwani, kanga mpya ya arusi kiunoni, anacheka. Aliiona pikapu kabla hajatuona sisi. Haikuwa na mlango wa upande mmoja. Haikuwa na taa hata moja, ilikuwa imebaki mashimo mawili yanayotazama kama mtu aliyetolewa macho. Kiti chake kilikuwa springi tupu, na kuku wetu mmoja mwekundu alishaamua kutagia humo. Mama akaitazama. Akaingia ndani. Nikasikia hatua zake zinakwenda dirishani, zinasimama. Akatoka.

"Hiki ndicho ulichokileta?" akamwuliza baba.

"Ngoja nikitengeneze, Mama Atu. Utakipenda mwenyewe."

"Mimi na hilo lichuma hatukai kiwanja kimoja."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele labda ningeelewa zaidi. Asubuhi yake alinivalisha sare, akanifunga vifungo vyote hata kile cha juu ambacho huwa sifungi, akanishika mashavu, akapanda basi la kurudi Iringa. Mimi Atu, binti wa baba, nilibaki kwa baba, ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Sasa mtoto anapiga hesabu kwa alichokiona. Mimi nilichokiona ni mama kaitazama pikapu, kanuna, kaondoka. Basi nikajua: mama kaondoka kwa sababu gari ni baya. Gari likiwa zuri, atarudi. Sikuona shaka hata kidogo. Siku hiyohiyo nikamfuata baba. Alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba, tukilitengeneza likawa zuri, mama atarudi?"

Miguu ikatulia. 

"Atarudi," akasema. "Leta spana, ile iliyopinda."

Hapo ndipo utoto wangu wa kucheza ulipoishia. Nikitoka shule siendi mtoni, siendi kuokota matunda pori, nakuja kwenye gari. Na baba naye, akirudi safari, havui hata viatu. Tulikuwa kama watu wanaofukuzwa. Nilisugua kutu kwa burashi ya waya mpaka viganja vikawa na malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Vipuri havikuwepo nchi nzima, mnakumbuka hali ilivyokuwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa cha kubuni. Ukanda wa feni tulikata kwenye tyubu ya lori. Mlango uliokosekana baba aliutengeneza kwa bati la pipa, akaufunga kwa bawaba za mlango wa choo.

Kazi niliyoiweza kuliko zote ilikuwa gasketi, ile karatasi inayokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje. Dereva mwenzake baba aliyekuwa akienda Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, alituletea karatasi nene za kaki, zile ngumu. Unaipaka injini mafuta kidogo pale vinapokutana vyuma, unailaza karatasi juu yake, halafu unachukua nyundo ndogo unagongagonga kwenye kingo. Hugongi kwa nguvu. Unagonga kama unamwamsha mgonjwa. Karatasi inajikata yenyewe kwa umbo la chuma, na matundu ya bolti yanatoka yenyewe, duara, safi. Baba mkono wake ulikuwa mzito, alikuwa anachana. Mimi sikuchana. Mpaka leo fundi wangu akikosa gasketi ya saizi ya lori nakaa chini nagonga mwenyewe, na sitaki mtu aniambie bosi inuka.

Akaja shangazi yangu kutoka Rungwe, dada yake baba, kuja kutupikia. Shangazi alikuwa na mdomo usio na breki. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaiangalia pikapu, akamwangalia kaka yake.

"Kwa hiyo mke amekwenda, umebaki na huyu?"

"Dada, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu huyu anapika?"

Majirani nao hawakubaki nyuma. Mpita njia hakosi neno. "Fundi, limefufuka?" "Fundi, kuku wako anakuja lini kuchukua leseni?" Baba anacheka, anajibu, lakini mimi nilikuwa nachukia. Nilikuwa naona wanamchelewesha mama.

Injini ikaja kuwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kuku akatoka kwa kelele, halafu ikakaa sawa, ikawa inanguruma ile ngurumo ya kutulia. Nilikimbia ndani nikachukua kikapu nikaanza kuweka nguo zangu.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Kumchukua mama."

Baba akaingia, anafuta mikono kwa gunia. "Bado kidogo, Atu. Bodi la nyuma limeoza. Mama yako hawezi kupanda gari lenye bodi lililooza."

Niliona ana haki. Nikarudisha nguo.

Akakata bodi lote la bati, akaweka la mbao, la mninga, refu kupita lile la mwanzo, lenye ubao wa nyuma unaoshuka kwa minyororo. Lilipoisha, nikachukua kikapu. Bado kidogo. Bodi refu limelemea nyuma, linahitaji springi. Akatafuta majani ya springi ya lori, akayaongeza, pikapu ikanyanyuka makalio kama jogoo. Nikachukua kikapu. Bado kidogo. Kebini ina joto, akatoboa paa akaweka kidirisha cha kufungua. Kisha honi. Honi aliitoa kwenye basi lililopinduka, ilikuwa inalia kwa sauti tatu, moja juu ya nyingine, mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaitikia.

Niliona kitu, lakini nilikisoma vibaya. Mama alikuwa anatuma vifurushi kwa basi. Gauni langu, au sketi, au shati la shule, vyote vimeshonwa kwa mkono. Baba alikuwa anakichukua kile kigauni, anakigeuza ndani nje, anaangalia mishono, halafu anakirudisha kwenye karatasi taratibu kama kinaweza kuvunjika. Kesho yake asubuhi anafungua kitu kwenye pikapu. Kilichokuwa kizima anakifungua. Mara kabureta, mara breki, mara anatoa mlango mzima anaurudisha. Mimi nikajiambia: kumbe mama anatuma malalamiko ndani ya vifurushi. Anasema hajapenda bodi. Anasema hajapenda mlango. Nikawa nachungulia mifukoni mwa gauni kutafuta malalamiko yenyewe.

Kulipobaki kiti, nilisema kiti ni changu. Mama aliacha mabaki ya kitambaa cha kaki, kile cha sare za wavulana. Nikayaunganisha vipande kwa vipande kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Tulijaza majani makavu ndani na matambara juu. Mishono yangu ilikwenda kama njia ya mbuzi, lakini ilishika. Shangazi alipokikalia kwa mara ya kwanza alisema, "Kinachoma matako, lakini ni kiti." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Tukaziba mashimo kwa puti, tukaisugua kwa msasa wa maji, ikabaki rangi. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa na mashine ya kupulizia rangi. Baba akasema, "Dada, si una bomba la mibuni kule nyumbani?" Mnalijua, bomba la shaba la kubeba mgongoni, la kunyunyizia dawa kwenye kahawa. Shangazi akalileta kutoka Rungwe. Rangi tuliyopata ilikuwa nyeupe ya maziwa. Baba akaikoroga na petroli, akaitia, akalibeba bomba mgongoni, akaanza kupiga. Ilitoka vizuri sana, kama ukungu. Tukashangilia. Tukala viazi kwa furaha, tukasubiri ikauke.

Ilipokauka ikatoa madoa. Madoa ya kibuluu-kijani, makubwa kwa madogo, kutoka boneti mpaka nyuma. Ule mrututu, dawa ya buluu ya kunyunyizia kahawa, ulikuwa umeganda ndani ya bomba miaka yote ile, petroli na mtikisiko vikaubandua, ukatoka na rangi.

"Hukuliosha?" shangazi akapiga yowe.

"Hukuniambia nilioshe!"

"Mtu mzima anaambiwa aoshe chombo? Ukipewa sahani yenye ugali wa jana unapakulia mchuzi juu?"

Baba aliingia chini ya gari, na hapakuwa na kitu cha kutengeneza chini ya gari. Alikaa huko mpaka jua likashuka. Alipotoka akasema ataikwangua yote, ataanza upya.

Hapo mimi nikachoka. Sijui mtoto wa umri ule anachokaje, lakini nilichoka kama mzee. Asubuhi nilichukua kikapu changu na nguo zote, nikapanda kebini, nikafunga mlango wa bati la pipa, nikakaa. Shule sikwenda. Baba akaja na msasa mkononi.

"Shuka, Atu."

"Sishuki."

"Nataka kuikwangua."

"Ikwangue nikiwa ndani."

Shangazi alinipitishia viazi kupitia dirishani, kisha akamgeukia kaka yake. Sasa hakuwa anatania. "Kaka, hili gari haliumwi. Linawaka, linasimama, lina honi kuliko basi. Anayeumwa ni wewe. Mimi kahawa yangu inaiva kule, nitakwenda kuvuna, na wewe utabaki hapa kumpikia huyo mwenye madoa."

Baba akasimama na ule msasa. Akautazama. Akauweka juu ya boneti, akaenda kunawa, akavaa shati lake la kanisani.

Safari ile ya Iringa nilikuwa na furaha ya kutapika. Nilikuwa naruka kwenye kiti changu cha kaki, nachungulia kidirisha cha paa, nasoma kila kibao hata nisichoweza kukisoma. Lakini baba hakuwa na mwendo. Tulisimama Igawa, akafungua boneti, akaangalia, akafunga. Makambako, vilevile. Mafinga, vilevile. Tulipofika Ipogolo, chini kabisa ya mji wa Iringa, mto unapita pale, mlima wa kupanda mjini uko mbele yetu, akaweka gari pembeni.

"Linachemka," akasema. "Tukae kwanza."

Nikashuka. Mimi rejeta ile niliijua, mimi ndiye nilikuwa nikiijaza maji. Nikaweka kiganja. Ilikuwa ya uvuguvugu tu, unaweza kumlazia mtoto. Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika boneti kwa mikono miwili, jasho linamtoka kwenye mfereji wa mgongo, na Ipogolo ilikuwa na upepo.

"Baba, halijachemka."

Akakaza mikono kwenye boneti.

"Baba. Liko poa."

"Funga boneti," akasema.

Nilikuwa nimeona gari likichemka mara nyingi. Sikuwa nimeona mtu akichemka na gari limepoa. Nilifunga boneti. Kuna kitu hakikuwa sawa, na hakikuwa kwenye gari.

Kihesa tuliingia mchana. Baba alipoona nyumba ya wakwe zake, sijui ni hofu, sijui ni kujikaza, akapiga honi. Sauti zote tatu. Mbuzi wakakimbia. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa mpaka mlio ulipokwisha wote.

"Kamwene," baba akasalimu kwa Kihehe, ameinama.

"Kamwene. Nilidhani basi limepotea njia."

Kwetu mtu anayemfuata mke kwao anakuja na mshenga, anakuja kwa miguu angalau kipande cha mwisho, anakohoa kwa mbali, anasubiri aulizwe. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amekuja peke yake, na honi ya basi. Babu hakumpa kiti. Baba akakaa kwenye gogo la kuchanjia kuni, shati la kanisani na yote.

Mama akatoka. Alinikumbatia, akanusa nywele zangu, akasema, "Unanuka gereji." Nikamvuta mkono. Sikutaka asalimiane na mtu, nilitaka alione gari. Akakubali kuvutwa. Akalizunguka. Akagusa ubao wa mninga, akaushusha ubao wa nyuma, akaupandisha. Alijua kazi nzuri akiiona, mama yangu.

"Mbona lina ukurutu?"

"Mrututu, mama! Shangazi alileta bomba la kahawa, baba hakuliosha..." Nikawa namwaga maneno. Nikafungua mlango kumwonyesha kilicho changu.

Mama akainama. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti, taratibu, mpaka mwisho.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi!"

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Si cherehani bado iko kwa fundi."

Mama aliacha kidole palepale. "Fundi gani?"

"Baba alisema iko kwa fundi." Nikageuka kwa baba anisaidie kumtaja huyo fundi, maana mimi sikumjua jina. Baba alikuwa ametazama chini. Babu alikuwa ameacha kuchonga. Hapo, jamani, hakuna mtu aliyenieleza kitu.  Lakini niliona zile nyuso tatu, na hesabu yangu yote ikaanguka, gari baya, gari zuri, bado kidogo, vyote vikaanguka kama injini iliyokatika bolti. Nikajua cherehani imekwenda wapi. Ilikuwa imesimama mbele yangu, ina madoa.

Mama akafunga mlango wa pikapu. Hakuubamiza. Akaenda akasimama mbele ya lile gogo.

"Baba Atu. Mimi sikuondoka kwa kukosa gari."

"Najua."

"Ile cherehani niliipata kabla sijakujua. Kwa vidole hivi. Ungeniuliza ningekataa, ndiyo maana hukuniuliza. Sawa, hilo tulishalimaliza, nikaja kukaa kwa baba yangu. Lakini mtoto umemwambia iko kwa fundi?"

Baba akanitazama mimi, akayashusha macho.

"Haya. Nenda kwa huyo fundi. Ukaichukue."

Baba aliinuka. Akamwinamia babu, akanishika kichwa, akaniambia, "Baki na mama yako." Halafu alifanya kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka naacha ninachofanya. Hakuwasha gari. Alilisukuma. Peke yake, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, akalisukuma mpaka nje kabisa ya kiwanja cha wakwe zake, likashika mteremko, na huko mbali ndiko tulikosikia likiwaka.

Nikangoja. Kihesa kuna mawe makubwa nyuma ya nyumba, nikawa napanda juu ya jiwe, nashuka, napanda. Kila mngurumo nasimama. Lori la mahindi, basi, trekta la misheni. Mama alikuwa anashona kwa mkono mlangoni, haangalii barabara. Mimi nilimkasirikia kwa hilo. "Asiporudi je?" nikamwuliza. Akakata uzi kwa meno. "Kama hatarudi nitajua aliyenioa ni nani. Kaa chini, unanitia kizunguzungu." Sikuweza kukaa chini.

Siku niliyoisikia ile pikapu, niliijua kabla haijaonekana. Injini ni yetu, lakini inaendeshwa vibaya, gia zinalia. Nikakimbia njiani. Aliyeshika usukani hakuwa baba. Alikuwa mzee mwenye kofia ya pama na meno ya dhahabu, anacheka peke yake.  Nikajua baba amekufa, au amefungwa. Ndipo nikaona nyuma, kwenye lile bodi la mninga, mtu mwekundu kwa vumbi tangu kichwani amekaa chini kama mzigo, amekumbatia kitu kilichofunikwa blanketi, miguu ameibana kwa pande zote mbili kisiyumbe.

Kifusi alisimamisha gari njiani, hakuingia, wala hakupiga honi. Baba lazima alimwambia.

"Mama," Kifusi akamwambia mama yangu, kofia mkononi, "mashine yako haijala chumvi. Mke wangu aliifanya meza ya redio. Nilimwambia jifunze, akasema anaogopa sindano."

Mama akasogea kwenye bodi. Alitoa blanketi, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akasikiliza. Akavuta kile kikasha cha chini. Ndani kulikuwa na uzi wa zambarau, wa majoho ya kwaya, uleule aliouacha akienda arusini. Akaukata akauviringa kidoleni.

"Na gari?" akamwuliza baba.

"La kwake," akasema, anamwonyesha Kifusi kwa kidevu.

"Lote?"

"Lote."

"Hata honi?"

"Hata honi."

Babu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Mleteeni mkwe kiti."

Kifusi alikuwa anakwenda Mafinga kupakia magogo ya kuegemezea mashimo yake ya dhahabu. Kufika kwanza Kihesa kuileta cherehani kulikuwa sharti la baba. Kwa hiyo kesho yake mama alirudi Mbeya kwa pikapu. Si kebini, kebini alikaa Kifusi na begi lake kwenye kiti changu. Tulikaa nyuma, na kuanzia Mafinga juu ya magogo, baba upande huu, mama upande ule, cherehani katikati, mimi mbele nimeshika paa. Zile springi za lori zilibeba kila kitu bila kulalamika.  Baba alikuwa anatazama barabara inavyorudi nyuma, na mimi nilikuwa natazama mbele nikihisi nimeibiwa. Wao kila mmoja amepata chake. Vyuma vile nilivisugua mimi.

Baada ya Makambako kulikuwa na mlima. Gia ya pili ya gari lile ilikuwa na tabia ya kutoka yenyewe ukiwa na mzigo, lazima uishikilie kwa goti. Baba alijua, mimi nilijua. Kifusi hakujua. Ikatoka, ikalia, akairudisha kwa nguvu, ikatoka tena, ile sauti ya meno kusagana nikaisikia kwenye meno yangu mwenyewe. Nikaanza kugonga paa la kebini kwa ngumi.

"Goti! Weka goti!"

Baba akanishika mkono. "Atu. Tulia. Si letu tena."

Sikutulia. Nilijing'oa, nikagonga kwa mikono miwili, machozi yananitoka, baba akanishika tena. Mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu Kihesa, akanyoosha mkono juu ya cherehani, akautoa mkono wa baba kwenye mkono wangu.

"Mwache agonge," akasema.